Fundi wa Leza Hewa

Kuanzia Karatu mjini hadi geti la Ngorongoro hakuna mtu mwingine aliyewahi kuifanyia kazi hewa mpaka ikatoa mwanga wa leza. Nimeuliza, nimechunguza, hakuna. Wapo madaktari, wapo marubani wa ndege ndogo za watalii, yupo hata mtu aliyepanda milima mirefu ya mabara matatu. Lakini hewa, hii hii inayopeperusha vumbi jekundu mwezi wa tisa, ni mimi tu niliyeisikia ikiimba na kuiona ikiwaka. Nilitoka Endamarariek na diploma moja ya ufundi wa vifaa vya maabara. Sikuwa na mjomba ofisini wala shangazi ubalozini. Nikaenda nchi ya baridi, nikafanya kazi miaka tisa, nikarudi kwa miguu yangu.

Basi fikiria nilivyojisikia siku mwenyekiti wa bodi ya shule alipoinua barua yangu ya maombi, akaitikisa kama anayekung'uta makapi, akasema mbele ya wenzake:

“Huyu sasa ndiye mtumishi hewa wetu.”

Kazi niliyoomba ilikuwa ya fundi wa maabara katika sekondari niliyosoma mwenyewe. Wakati wetu maabara haikuwapo. Lenzi tuliichora ubaoni, yai lililolala, na mishale ikipita katikati. Nilishika lenzi ya kweli kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na moja, chuoni, na nilikasirika badala ya kufurahi, maana niliona jinsi ilivyo kitu rahisi na jinsi nilivyocheleweshwa. Siku hizi shule ina maabara. Wazazi walijenga, vifaa vikaletwa, na vimekaa ndani ya maboksi vikisubiri mtu wa kuvifungua bila kuvivunja. Mlango una kufuli, na ufunguo anao mkuu wa shule.

Nilikuwa na duka langu kando ya barabara kuu, natengeneza darubini na kamera za madereva wa watalii. Sikulala njaa. Madereva walinisifu, nami sikuwakatalia. Lakini darubini inaishia kwenye darubini. Ule ufunguo niliutaka kuliko kitu chochote nilichokitaka tangu nirudi.

Kosa lilikuwa kwenye barua. Niliandika kwa fahari, “Kwa miaka tisa nilikuwa fundi wa leza hewa.” Jina hilo nililitunga mwenyewe, nikalipenda. Nilipoondoka nchini, hewa ilikuwa ya kuvuta na ya kujaza matairi. Nikiwa ughaibuni, neno likapata kazi nyingine. Wakapatikana watumishi hewa, yale majina yanayopokea mshahara bila kuwa na mwili. Wakafuata wanafunzi hewa, miradi hewa, visima hewa. Siku hizi hata kijana akidanganywa na binti anasema alikuwa na mchumba hewa. Mimi nilirudi na Kiswahili changu kile kile nilichoondoka nacho, kimekunjwa vizuri kama suti, nikaandikia watu barua inayosema kwamba kwa miaka tisa nilikuwa fundi wa leza ambayo haipo.

Bodi ilikaa katika ofisi ya walimu. Walikuwa watatu siku ile. Mwenyekiti ni mkulima wa ngano, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa shamba. Mkuu wa shule ni mama wa makamo, mpole wa maneno na mkali wa kalamu. Wa tatu ni mfugaji wa Kimaasai kutoka juu Ngorongoro, amejifunga shuka na kuvaa saa kubwa ya mkononi, binti zake wawili wanasoma bweni hapo.

“Shikamooni.”

“Marahaba. Kaa, fundi. Au kiti nacho kiwe hewa?” alisema mwenyekiti.

Wakacheka. Nikakaa.

“Hapa wilayani tumehangaika na majina hewa mpaka tumechoka,” aliendelea. “Wanatafutwa, wanakimbia. Wewe umekuja kujiandika mwenyewe!”

“Angalau huyu mkweli,” alisema mfugaji. “Wale wengine huwa hawasemi.”

Nilitoa diploma yangu, niliyoitia kwenye plastiki ngumu, nikaiweka mezani.

“Diploma tumeiona,” alisema mwenyekiti. “Ina muhuri, ina picha. Hiyo leza ndiyo haina picha.”

Nikaeleza. Nilieleza kwa dakika ishirini, na mpaka leo nikikumbuka naona joto masikioni. Nilianza na molekuli za nitrojeni, nikapita kwenye elektroni na ioni, nikataja vipimo vya muda ambavyo havina jina la Kiswahili. Mfugaji alitazama saa yake mara tatu. Mwisho mkuu wa shule aliuliza, taratibu:

“Na hiyo leza, aliitengeneza nani?”

“Mimi,” nilisema.

“Wewe peke yako?”

“Mimi, mama.”

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikupenda jinsi kalamu ilivyokwenda.

Mwenyekiti akafunga faili. “Waombaji mko wawili. Barua ya mwenzako haina hewa ndani. Lakini mama hapa amekuombea wiki moja. Rudi Jumamosi ijayo, utueleze ulichokuwa unafanya huko kwa maneno ambayo mimi nitaweza kuyarudia kwenye mkutano wa wazazi. Nikishindwa kuyarudia, ufunguo anachukua mwenzako.”

Nilitoka nimekasirika. Nilijua ninachokijua! Lakini kukijua kitu na kumpa mkulima wa ngano akibebe nyumbani ni mambo mawili, na hili la pili sikuwa nimewahi kulifanya. Nilipokuwa huko hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wacha niseme jinsi ilivyokuwa, maana ni kitu cha kustaajabisha, na sijapata kuona kingine kama hicho.

Maabara ya huko ughaibuni ilikuwa chini ya ardhi, chumba kisicho na dirisha, na katikati meza ya chuma ndefu kama trela. Juu ya meza vioo vidogo mamia, kila kimoja kimesimama kwenye kishikio chake chenye skrubu mbili za kukigeuzia. Mwanga unatoka kwenye mashine upande mmoja, unaruka kutoka kioo hadi kioo, mpaka kwenye lenzi ya mwisho. Baada ya lenzi ile hakuna kitu. Ni nafasi tupu, meza na hewa ya chumbani, ile tuliyokuwa tunaivuta sisi na kuikoholea.

Mwanga wenyewe ulikuja kwa mapigo. Chukua sekunde moja, igawe mara bilioni. Chukua kipande kimoja tu, kigawe tena mara milioni. Pigo moja lilidumu makumi machache ya vipande hivyo. Ndani ya muda huo mfupi ulikuwa umebanwa mwanga mkali kiasi kwamba hewa yenyewe iliukunja, ikawa kama lenzi juu yake, ukajikusanya ukawa uzi mwembamba kama unywele, ukanyooka katikati ya chumba bila kushikiliwa na kitu. Molekuli ya nitrojeni iliyokuwa katika njia ya uzi huo ilipokonywa elektroni na kuachwa imejaa nguvu. Halafu mwanga mwingine, dhaifu, wa rangi ya urujuani, ulipita humo humo. Uliingia dhaifu ukatoka na nguvu. Hewa ilikuwa imeuongezea. Leza za kawaida hutaka fuwele, au gesi iliyofungiwa kwenye bomba, na vioo viwili vya kuurudisha mwanga huku na huku. Hii haikutaka chochote kati ya hivyo.

Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekuwa profesa muda mrefu, na mkoba wake wa chakula ulikuwa na kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Siku yangu ya kwanza alinipa kadi nyeupe, kama ya kuandikia anwani, akaniambia niishike mwisho wa meza. Akazima taa. Kwenye kadi likatokea doa la buluu, dogo kama punje ya mtama, limetulia. Rangi yenyewe ya mwanga ule jicho halikuiona vizuri. Kadi ndiyo iliyoigeuza ikaonekana, kama shati la shule lililofuliwa kwa sabuni ya unga linavyong'aa kwenye ile tochi ya kukagulia noti. Nikauliza, huu unatoka wapi? Akaonyesha kidole mahali patupu katikati ya chumba. “Hapo,” akasema. Nilipatazama muda mrefu.

Aliniambia wataalamu wenyewe bado wanabishana kwa nini molekuli hizo hujaa nguvu namna ile. Aliniambia pia wanakotaka kufika: siku moja kuupiga mwanga mbali angani, hewa ya huko huko iwake na kuurudisha, ili mtu ajue moshi au gesi iliyopo bila kusogea karibu. Nikaufikiria ule mlima wetu unaotoa moshi, kaskazini ya Ngorongoro.

Na hewa ile ilikuwa na sauti. Hili hakuniambia mtu, nililisikia mwenyewe. Mapigo yalikuwa elfu moja kwa sekunde, na kila pigo liliipasua hewa kidogo, kwa hiyo uzi ule ulilia, sauti moja nyembamba kuliko ya nyuki. Baba yangu alifuga nyuki. Nimekua nikitega sikio kwenye mzinga ili nijue wametulia au wanataka kuhama. Wasomi wa maabara ile, wenye udaktari wa fizikia, walikuwa wanatazama kompyuta. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Zikaja siku tatu ambazo doa la buluu lilikataa. Linatokea, linapotea. Madaktari walihesabu, wakabadilisha hiki na kile, wakaanza kunong'onezana karibu na mashine ya kahawa. Siku ya tatu asubuhi nikasimama kando ya meza nimefumba macho. Sauti ilikuwa inayumba. Inapanda, inashuka, inapanda. Nikaanza kugusa vishikio vya vioo kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole, nikisikiliza. Nilipogusa cha kumi na nne, sauti ikatulia. Nikatoa kidole, ikayumba. Skrubu ya chini ilikuwa imelegea. Niliikaza robo ya mzunguko. Profesa alikuwa mwisho wa chumba na kadi yake, akapiga kelele kama msichana.

Walipochapisha kazi ile, jina langu likatokea mwishoni, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo. Ukurasa huo ninao.

Turudi Karatu. Jumatatu na Jumanne nilijifungia dukani nikiandika hotuba. Jumatano dada yangu mkubwa aliingia kuchukua redio yake. Anauza vitunguu sokoni na ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, na hajawahi kuniogopa. Nikamsomea kurasa nne. Alisikiliza amesimama.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza. Unaonaje?”

“Mdogo wangu, umeimba solo mwanzo mpaka mwisho. Kwaya umeiacha nje ya mlango.”

“Hujaelewa sayansi yenyewe, dada.”

“Ningeelewaje? Kila nikitaka kuiona hiyo hewa, wewe umesimama mbele yake.” Akachukua redio. “Kesho saa kumi tuna mazoezi. Uje ukae nyuma, unyamaze. Kunyamaza unakuweza?”

Nilikwenda ili nimwonyeshe kwamba ninakuweza. Nikakaa benchi la mwisho. Dada akapiga mkono mmoja, na watu thelathini wakasimama kwa pamoja, kifua kimejaa pumzi, midomo imefunguka, bado hakuna sauti. Nywele zikanisimama. Kisha kutoka safu ya mbele mama mmoja akatoa noti moja ya wimbo, hafifu, ya kuwaanzishia. Safu ya kwanza ikaidaka, ya pili ikaidaka, na ilipofika kwangu nyuma ilikuwa inatikisa benchi.

Niliondoka bila kuaga. Dada anasema nilikimbia. Sikukimbia, nilitembea haraka.

Jumamosi waliketi vile vile. Mwombaji mwenzangu alikuwa nje kwenye korido, kijana mtulivu na bahasha yake, tukasalimiana vizuri.

“Haya, Hewa,” alisema mwenyekiti. “Tupe.”

Nikaiacha diploma mfukoni.

“Hewa ya chumba hiki ni kwaya iliyokaa,” nilisema. “Kila mwanakwaya ni chembe ndogo, haionekani. Sasa linakuja pigo la mwanga, kali sana na fupi sana. Linawapitia na kuwapokonya kitu kila mmoja, tuseme kofia. Wanasimama kwa mshtuko, pumzi imejaa, midomo wazi.”

“Mimi ukinivua shuka nitasimama hivyo hivyo,” alisema mfugaji.

“Hasa. Ukiwaacha, kila mmoja atapayuka la kwake, huyu huku, yule kule. Hiyo si leza, huo ni mwanga wa kawaida, kama wa moto. Lakini kabla hawajapayuka, anapita mwimbaji mmoja mwenye sauti ndogo. Wa kwanza akiisikia anatoa noti ile ile, akiielekeza upande ule ule. Wa pili vile vile. Ikifika mwisho wa kanisa imekuwa sauti kubwa moja. Hiyo ndiyo leza, na walioimba ni hewa.”

Mfugaji akaweka fimbo yake chini. “Kwetu yuko olaranyani,” alisema. “Anaanzisha wimbo, morani wanaitikia. Peke yake hasikiki ng'ambo ya korongo. Wakiitikia, wanasikia mpaka ng'ombe.”

“Ndivyo, mzee.”

“Kwa nini pigo liwe fupi?” aliuliza mwenyekiti. “Si ungeliacha likae, liwe na nguvu?”

“Ukiliweka shoka juu ya gogo, mzee, litakaa hapo mpaka jioni. Ukilipiga mara moja, gogo linapasuka. Shoka ni lile lile.”

Akafikiri. Akatikisa kichwa kwa kukubali, kidogo. Nikaona tayari, ufunguo nimeupata. Hapo mkuu wa shule akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

“Wiki iliyopita nilikuuliza aliyeitengeneza ni nani. Ukasema wewe peke yako. Nimeandika hapa. Nisome?”

“Usisome, mama.”

“Basi niambie tena.”

Nilikuwa na jibu la kujitetea, zuri tu. Badala yake nikatoa ule ukurasa wa shukrani, nikausogeza mbele yake na kumwonyesha mahali pa herufi ndogo.

“Sikuitengeneza,” nilisema. “Ilitengenezwa na mama mmoja profesa na watu wake, kwa miaka mingi. Mimi nilisikia imeyumba. Nikatafuta kioo kilicholegea, nikakaza skrubu.”

“Skrubu ngapi?”

“Siku ile, moja. Robo ya mzunguko.”

Mwenyekiti alianza kucheka, lakini mkuu wa shule hakucheka. Aliusoma ukurasa ule wote, hata majina asiyoweza kuyatamka.

“Mwenyekiti,” alisema, “mle ndani nina maboksi kumi na moja. Sihitaji mtu aliyevumbua leza. Akija, nitamweka wapi? Nahitaji mtu anayesikia kitu kimelegea.”

Nilisikia kijana wa korido akibadilisha mguu. Mwenyekiti akasimama, akajikohoza, akatazama ukutani kana kwamba wazazi wako pale.

“Ndugu wazazi,” alisema kwa ile sauti ya shambani, “fundi huyu alifanya kazi mahali ambapo hewa inavuliwa kofia, inasimama, inapewa noti, inaimba mwanga. Yeye hakuwa mwimbaji. Alikuwa anakaza viti vya kwaya ili visilie.” Akanigeukia. “Nimekosea?”

Nimeyasikia maelezo ya kitu kile kutoka kwa watu wenye shahada tatu. Sijasikia yaliyonifaa kuliko hayo.

“Hujakosea, mzee.”

“Basi mpeni. Ila kwenye barua ya ajira andikeni fundi wa maabara. Neno hewa lisionekane popote, wakaguzi watatumaliza.”

Tulikwenda wote wanne mpaka mlangoni, mkuu wa shule mbele na ufunguo. Alinikabidhi. Nilipouingiza nikagundua kwamba kishikio cha kufuli mlangoni kinacheza. Nikakigusa kwa ncha ya kidole, nikasikiliza. Skrubu ya chini ilikuwa imetoka nusu, na vumbi jekundu limejaa kwenye mfereji wake. Nikatoa bisibisi mfukoni, maana mimi sitembei bila bisibisi.

“Fundi Hewa,” alisema mfugaji nyuma yangu, akitazama saa, “si ufungue kwanza?”

“Subiri kidogo, mzee,” nilisema, nikaanza kuondoa vumbi.